Ugomvi wa hemani: nilichojifunza nikimcheza Cassius

Wengi tuliosoma Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, shuleni tuliisoma hadi mazishi ya Caesar, basi. Maswali ya mtihani yalipenda hotuba ya Antony, rafiki wa Caesar, na hotuba hiyo imo katika Tendo la Tatu. Matendo mawili yanayofuata yalimalizwa ubaoni kwa mishale: vita, Cassius anajiua, Brutus anajiua, kengele ikagongwa. Niliingia utu uzima nikiweza kuchambua kila mbinu ya Antony pale jukwaani, lakini sina habari kwamba Brutus na Cassius, waliomuua Caesar pamoja, waliwahi kutoleana maneno kwa ajili ya mishahara ya askari.

Nililijua Tendo la Nne miaka mingi baadaye, katika kikundi cha maigizo cha watu wazima jijini Dar es Salaam. Tulikuwa mchanganyiko: walimu, fundi cherehani aliyetushonea majoho ya Kirumi kwa mashuka ya zamani, vijana wa chuo, na mhasibu mstaafu tuliyemwita Mzee. Maandishi tuliyotumia ni ya Mwalimu Nyerere, aliyeileta tamthilia hii kwa Kiswahili mwaka 1963 akiwa Rais, kisha akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwongozaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mkali mwenye sauti ya taratibu. Sote tulimwita Mama. Siku ya kugawa nafasi hakuanza na Caesar, alianza na hema la Brutus, ambamo ugomvi huo unatokea. “Mkilimudu hema, mengine yatakuja,” alisema. Mzee akapewa Brutus. Mimi, mwanamke mfupi nisiyetisha hata kuku, nikapewa Cassius. Waliocheka waliambiwa kwamba katika London ya Shakespeare wavulana ndio waliocheza wake za watu, kwa hiyo kuna deni la zamani ambalo leo tunalilipa.

Kabla ya hema lipo onyesho fupi sana ambalo watu hulipita mbio. Antony, Octavius na Lepidus, watatu walioshika Roma baada ya Caesar na maadui wa Brutus na Cassius, wamekaa na orodha ya majina. Wanachagua nani afe. Lepidus anakubali nduguye auawe, ila kwa sharti kwamba Publius, mtoto wa dada yake Antony, afe pia. Antony hasiti: tazama, kwa nukta hii namhukumu. Halafu anamtuma Lepidus akalete wosia wa Caesar, waone namna ya kupunguza baadhi ya urithi ulioahidiwa humo. Ni wosia uleule alioupeperusha mbele ya umati katika Tendo la Tatu, drakma 75 kwa kila raia wa Roma, mpaka watu wakaenda kuchoma nyumba. Lepidus akishatoka tu, Antony anamfananisha na punda wa kubebeshwa mizigo. Mzee alilipenda onyesho hili kuliko sisi sote. “Hawa wametangaza gawio kabla ya kufunga hesabu,” alisema, akacheka peke yake. Tulikuja kuuelewa utani huo baadaye.

Hema lenyewe limepigwa karibu na Sardi, mji ambao leo magofu yake yako Uturuki, na ambao wasomaji wa Ufunuo wanaujua kwa yale makanisa saba. Ugomvi unaanza na mtu tusiyemwona jukwaani, Lucius Pella, aliyekula hongo za watu wa Sardi. Brutus amemwadhibu. Cassius alikuwa ameandika barua kumwombea, na barua zake zikapuuzwa. Basi anafika kambini mdomo umeshajaa: ndugu yangu, umenidhulumu. Brutus anajali macho ya askari, kwa hiyo anamwambia waingie ndani kwanza. Huko ndani hamung’unyi maneno. Wewe mwenyewe Cassius una kiganja kinachowasha, unauza vyeo kwa dhahabu. Anamkumbusha siku ile ya Machi 15: tulimpiga mtu mkubwa kuliko wote duniani kwa kuwa aliwakingia kifua wanyang’anyi, leo sisi ndio tuchafue vidole kwa rushwa? Afadhali niwe mbwa, nibwekee mwezi.

Ni maneno matamu kuyatamka, na kwa muda mrefu Mzee aliyatamka kama hakimu anayesoma hukumu. Halafu jioni moja alikwama katikati, akavua miwani, akasema kwa sauti yake ya kawaida, “Ngojeni. Huyu bwana hesabu zake hazilingani.” Akarudi nyuma akatusomea. Brutus analalamika kwamba aliagiza dhahabu kwa Cassius ili alipe majeshi yake, Cassius akamnyima. Na kwa nini aliagiza kwa Cassius? Kwa sababu yeye, Brutus, hawezi kutafuta fedha kwa njia chafu. Ni heri aufue moyo wake uwe sarafu kuliko kuwakamua wakulima wenye mikono migumu. Mzee akatutazama mmoja mmoja. “Sasa anadhani za Cassius zinatoka wapi? Zinaota? Nimefanya kazi na wakubwa wa namna hii. Wanataka fedha iingie, ila vocha isainiwe na mtu mwingine.”

Toka jioni ile onyesho likageuka. Mzee aliacha kuwa hakimu. Hasira yake ikahama kutoka kwenye maadili ikakaa kwenye dhahabu aliyonyimwa, na aliposema neno la wakulima sauti ilimpungua kidogo, kama mtu anayejisikia mwenyewe. Kwangu mimi ilikuwa nafuu. Nilikuwa nikimcheza Cassius kama mwizi aliyeshikwa, natafuta visingizio. Sasa nilisimama kama mtu anayejua kwamba jeshi zima, pamoja na msafi wake, linakula kwa kiganja chake hichohicho kinachowasha. Sikubadilisha hata neno moja. Nilibadilisha mahali pa kuweka uzito, nikaona namna mishororo ileile inavyoweza kumbeba mtu mwingine kabisa.

Kuna sehemu humo inayochekesha, na Mama alikataa kata kata tuifanye ya heshima. Cassius anasema yeye ni askari mkongwe kuliko Brutus. Wanavutana. Baadaye kidogo Cassius anajitetea: nilisema mkongwe zaidi, sikusema bora zaidi, je, nilisema bora? Na Brutus anajibu: hata kama ulisema, sijali. Halafu lile la dhahabu: ulininyima. Sikukunyima. Ulininyima. Sikukunyima, aliyeleta jibu langu alikuwa mpumbavu. Hawa ni wanaume waliobadilisha historia ya Roma. “Watu wazima wakigombana hurudi darasa la tatu,” Mama alisema. “Waacheni watazamaji wacheke. Wakishacheka watashindwa kujikinga na kinachokuja.”

Kinachokuja ni Portia. Cassius ameshatoa jambia, ameshafunua kifua, ameshamwambia Brutus amchome kama alivyomchoma Caesar. Wameshapatana, kila mmoja amekiri kwamba alisema kwa hasira. Mshairi mmoja amejipenyeza hemani kuwasuluhisha, akafukuzwa, na kwa kumfukuza wote wawili wakajikuta upande mmoja. Ndipo Cassius anasema kama mtu anayeshangaa tu: sikujua unaweza kukasirika kiasi hicho. Brutus anajibu kwamba anaumwa na majonzi mengi. Cassius anamtania, falsafa yako umeiweka wapi? Brutus anasema hakuna anayebeba huzuni kumzidi. Portia amekufa.

Mkewe amekufa. Alimeza moto, huko Roma, kwa uchungu wa mume kuwa mbali na kwa kuona nguvu za Antony na Octavius zinakua. Brutus aliijua habari hii tangu kabla Cassius hajafika kambini. Aliijua alipozungumzia mbwa na mwezi. Aliijua aliposema sijali.

Nikasoma upya kuanzia mwanzo wa ugomvi, na nikamwomba Mzee tusome pamoja kana kwamba kila neno lake lina msiba chini yake. Ilikuwa vigumu kumtazama. Cassius mwenyewe anafanya hivyo hivyo kichwani mwake, kwa sababu mara tu anaposikia anauliza: nilinusurikaje usiniue nilipokupinga vile? Kwa mwigizaji swali hilo ni ramani. Linakutaka urudi nyuma kwa haraka upitie kila ulilotamka, tena mbele ya watu, huku bakuli la divai linaletwa na mwenzako anasema tusimtaje tena.

Kisha ndiyo panakuja mahali ambapo wasomi wamegombana kuliko Brutus na Cassius. Messala, ofisa wa Brutus, anaingia na habari za Roma. Anauliza kwa kuzungukazunguka kama Brutus amepata barua kuhusu mkewe. Brutus anajibu hapana, hakuna kitu. Messala anaona ajabu, Brutus anambana aseme kweli kama Mrumi, na Messala anasema: basi ivumilie kweli kama Mrumi, amekufa, tena kwa namna ya ajabu. Brutus anajibu kwa utulivu mkubwa: kwaheri Portia, sote tutakufa, nilishatafakari kwamba siku moja atakufa, kwa hiyo leo ninaweza kuvumilia. Messala anamsifu kwamba ndivyo wakubwa wanavyobeba hasara kubwa.

Sasa hapo ufanyeje? Tamthilia hii ilikwisha kuonyeshwa London mwaka 1599. Msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, alitazama mchezo wa Caesar Septemba 21 mwaka huo katika jengo lililoezekwa kwa nyasi, na akaandika kwamba mwishoni waigizaji walicheza ngoma kwa ufundi. Lakini kitabu hakikuchapwa hadi 1623, na Shakespeare alifariki 1616. Kwa hiyo wapo wanaosema alibadili mawazo, akaandika habari ya kifo mara ya pili, na wachapaji wakaziacha zote mbili. Waongozaji wengi hukata moja. Wengine wanasema hakuna kosa, Brutus anajifanya hajui ili maofisa wake wamwone jabali.

Mama hakukata. Na yeye hakushughulika sana na Brutus. Alinigeukia mimi. “Wewe ndiye unayejua. Umekaa pale, umesikia habari hii muda mfupi uliopita, sasa unamwona rafiki yako akiambiwa kana kwamba ni mara ya kwanza. Unafanya nini?” Cassius ana mshororo mmoja tu hapo: anasema elimu ya uvumilivu anayo kama Brutus, ila maumbile yake yasingeweza kuibeba hivi. Tulijaribu kuutamka kwa kumwonea huruma, tukajaribu kwa kumkinga mbele ya Messala. Kuna jioni niliutamka kwa karaha kidogo, maana niligundua kwamba mtu huyu anaweza kuutumia hata msiba wa mkewe. Hiyo ya mwisho ilimfanya Mzee anigeukie ghafla, na Mama akasema tuibakize hivyo.

Na papo hapo, bila hata kupumua, Brutus anasema: haya, turudi kwenye kazi yetu. Mnaonaje tukielekea Filipi sasa hivi?

Nadhani vita vile vilishindwa hapo. Cassius hataki Filipi, na sababu zake ni nzuri: adui ndiye atufuate, achoke, amalize akiba yake, sisi tumetulia tumepumzika. Brutus anamjibu kwamba watu wa njiani hawatupendi, walitoa michango kwa kinyongo, adui akipita kwao atawaongeza jeshini. Angalia vizuri hapo: kinyongo hicho kimetokana na kukamuliwa, na anayekitaja ni yuleyule asiyetaka kukamua mtu. Cassius anafungua mdomo: nisikilize, ndugu yangu. Brutus anamkatiza, samahani, anaendelea na ile hotuba yake mashuhuri kuhusu maji kujaa katika mambo ya wanadamu, kwamba ukiyawahi unafika kwenye heri na ukiyakosa safari yote inakwama majini mafupi. Na Cassius anasema sawa, kama upendavyo, twende.

Mama aliniuliza swali moja ambalo nilitembea nalo kwenye daladala siku nyingi: “Unakubali kwa sababu amekushawishi, au kwa sababu mkewe amekufa?”

Wakati huo nilikuwa katibu wa kikoba cha mtaani kwetu. Mwenyekiti na mweka hazina walikuwa wamegombana vibaya kwa ajili ya marejesho, wakanuniana, mwishowe wazee wakawakalisha, wakaombana radhi, watu wakala pilau. Kikao kilichofuata mwenyekiti alileta wazo la kuingiza karibu sanduku lote kwenye mahindi ya msimu. Mweka hazina ndiye aliyezijua tarakimu kuliko yeyote pale. Nilimtazama akishika kalamu, akaiweka, akasema, “Ukishasema wewe, dada yangu, mimi sina neno.” Nikaandika kwenye muhtasari: wajumbe wote waliafiki. Mahindi yalifikia wapi ni hadithi ya siku nyingine. Ila nilipokwenda mazoezini Jumamosi ile nilijua namna ya kusema sawa, twende. Niliisema haraka, kwa tabasamu, macho yakiwa kwenye bakuli la divai. Ugomvi ule ulikuwa umewawezesha kuambiana kweli kwa muda mfupi. Upatanisho ndio ulioifanya kweli kuwa ghali. Cassius amelipa sana kumpata rafiki yake tena, na bei ya kumpinga sasa hivi, mbele ya wengine, saa chache baada ya msiba, hawezi kuimudu.

Kijana aliyecheza Messala amekulia Kilwa. Alinyoosha mkono baada ya ile hotuba ya maji. “Samahani Mama, lakini maji yakipwa si yatajaa tena? Huyu anazungumza kama yakipwa ndiyo mwisho wa dunia.” Mama akamwambia hilo asiliulize kwake, aliweke usoni akiwa jukwaani. Basi kila usiku Brutus alipofika hapo, Messala wetu alikunja kipaji kidogo tu, na waliotoka pwani katika ukumbi waliliona.

Mzuka wa Caesar nitaupita. Unakuja, unajitambulisha kama pepo mbaya wa Brutus, unaahidi kuonana naye Filipi, unaondoka. Sisi tulitumia taa moja na sauti kutoka nyuma ya pazia. Mimi nilipenda zaidi kilichotangulia: Lucius, kijana wa Brutus, anasinzia akipiga ala, na bwana wake anaichukua polepole isije ikavunjika. Kwa mara ya kwanza usiku ule anamhurumia mtu, na mtu mwenyewe amelala.

Tendo la Tano linakwenda mbio. Filipi ni mji uleule ambao Paulo aliuandikia waraka baadaye, kaskazini mwa Ugiriki ya leo. Katika historia kulikuwa na mapigano mawili huko, Oktoba mwaka 42 kabla ya Kristo, yakitenganishwa na wiki kama tatu. Shakespeare, aliyeichukua hadithi kwa Plutarch, mwandishi wa kale, kupitia tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579, aliyabana yakawa siku moja. Nilipofika kwenye onyesho la kwanza nilipata ushahidi niliokuwa nautafuta. Cassius anamvuta Messala pembeni. Leo ni siku yangu ya kuzaliwa, anamwambia, na uwe shahidi wangu kwamba kama Pompey, yule jemadari aliyeshindwa na Caesar, nimelazimishwa kinyume cha mapenzi yangu kuuweka uhuru wetu wote kwenye pigano moja. Anamwambia Messala. Brutus yuko hatua chache tu, anazungumza na Lucilius, na hilo hatalisikia kamwe.

Kisha kila kitu kinavunjika kwa mpangilio ambao ukishalisoma hema huwezi kuuona kama bahati mbaya. Titinius, ofisa wa Cassius, analeta habari kwamba Brutus alitoa amri mapema mno, na askari wake, walipopata nafasi kidogo dhidi ya Octavius, wakaanza kupora. Askari wa yule msafi. Cassius, ambaye macho yake hayaoni mbali, anampandisha mtumwa wake Pindarus kilimani amtazamie. Pindarus anaona wapanda farasi wanamzunguka Titinius na kupiga kelele za furaha, anadhani ametekwa, kumbe ni wenzao wanampongeza. Cassius hasubiri habari ya pili. Anakufa kwa upanga uleule uliomwingia Caesar.

Brutus anafika juu ya maiti, na hapo anasema kitu ambacho Mzee na Mama hawakuwahi kukubaliana. Anasema kwamba marehemu huyu anamdai machozi mengi kuliko watakayomwona akiyalipa, halafu anaongeza, nitapata muda, Cassius, nitapata muda. Mara mbili. Mama alitaka alie kidogo, walau sauti ikatike. Mzee alikataa katakata. Alisema huyu hakumlilia mkewe, aliahirisha. Na hapa anaahirisha tena, kwa lugha ya deni, kama mdaiwa sugu aliyezoea kuandika barua za heshima. Alitaka kuisema kavu, kwa sauti ileile aliyodai nayo dhahabu kule hemani. Mama akamwambia watazamaji watamchukia. Mzee akasema wamchukie tu, ndiyo hesabu ilivyo. Walibishana kwenye kila zoezi, mmoja kanisimamia kichwani, mwingine miguuni, majoho ya mashuka yakinifagia uso. Mimi nilikuwa maiti, sikuwa na kura.